Jinsi ya kuandika historia ya Al-Quwa Al-Jawiya ya Baghdad bila kuchanganya majina na mataji

Kabla ya kugusa kombe lolote, chukua karatasi uandike majina. Al-Quwa Al-Jawiya ndiyo klabu ya soka kongwe kuliko zote zilizo hai nchini Iraki, na imeingia uwanjani kwa majina zaidi ya mawili. Makosa mengi katika simulizi zake huanzia hapo: mwandishi anakutana na jina la kati, halitambui, anadhani ni timu nyingine, kisha miaka kumi na saba ya klabu inapotea.

Karatasi hiyo iwe hivi. Tarehe 22 Aprili 1931 jeshi la anga la kifalme la Iraki linaundwa. Tarehe 4 Julai mwaka huohuo klabu inazaliwa ndani yake. Iraki yenyewe inapata uhuru 3 Oktoba 1932, kwa hiyo klabu imeutangulia uhuru kwa zaidi ya mwaka, jambo ambalo linastahili kuwekwa mapema kwenye makala yako. Jina la wakati huo lilibeba neno Al-Malakiya, yaani la kifalme. Msomaji wa Kiswahili halihitaji tafsiri ndefu, maana anajua malkia na anajua mamlaka, na mzizi ni huohuo. Mapinduzi ya 14 Julai 1958 yaliondoa ufalme, na neno hilo likaondoka nao. Mwaka 1974 klabu ikaitwa Al-Tayaran, urukaji angani. Ndugu wa neno hilo kwetu ni tiara, kile kishada cha watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jina la Al-Quwa Al-Jawiya, Jeshi la Anga, likarejea na limebaki hadi leo.

Sasa tafuta kwa kila jina peke yake. Kwa Kiarabu andika القوة الجوية kwa kipindi cha kwanza na cha mwisho, na الطيران kwa kipindi cha katikati. Kwa herufi za Kilatini jaribu Al-Quwa Al-Jawiya, Al-Quwwa Al-Jawiyya, na pia bila vistari. Angalia neno الجوية likitanguliwa na الخطوط: hilo ni shirika la ndege, na lina timu yake. Ukilichukua kwa haraka utaipa klabu ya jeshi mechi isizocheza.

Kisha fungua daftari la misimu lenye safu saba: msimu, jina lililotumika wakati ule, shindano, ngazi yake (mkoa, taifa, Asia), matokeo, uwanja, na mahali ulipoyapata. Usiunganishe safu ya jina na nyingine yoyote. Mstari mmoja wa mfano: 1974–75, Al-Tayaran, ligi ya taifa ya vilabu, taifa, bingwa. Mwingine: 2016–17, Al-Quwa Al-Jawiya, Ligi Kuu, taifa, bingwa. Ukishajaza mistari kama thelathini, utaanza kuona mapengo, na mapengo ndiyo kazi yenyewe.

Kusoma tarakimu na miezi

Magazeti ya zamani ya Iraki yanatumia tarakimu za Kiarabu cha mashariki, na macho yaliyozoea tarakimu zetu hudanganyika vibaya. Sifuri yake ni nukta, ٠. Tano yake ni duara, ٥, inayofanana na sifuri yetu. Sita yake, ٦, inafanana na saba. Tazama mwaka ١٩٦٥. Ni 1965, lakini mtu mwenye haraka ataandika 1970. Miaka mitano imeruka, na taji limehamia kwa kocha asiyehusika. Tiba ni kuandika tarakimu zote kumi pembeni ya daftari na kuzitazama kila mara, hata kama unadhani umezizoea.

Matokeo ya mechi nayo yana mtego. Maandishi yanasomwa kutoka kulia, ila tarakimu zilizo ndani ya nambari zinasomwa kutoka kushoto. Matokeo ya mabao mawili kwa sifuri yakihamishwa kutoka ukurasa mmoja wa kompyuta kwenda mwingine yanaweza kugeuka yakawa sifuri kwa mbili. Usiamini alama peke yake. Tafuta kitenzi katika sentensi, neno فاز (alishinda) au خسر (alifungwa), na mtendaji wake. Kitenzi hakigeuki.

Miezi ya Iraki si ile ya Kiarabu cha Misri wala si miezi ya Kiislamu. Klabu ilizaliwa 4 Tammuz, ambao ni Julai. Tishrin al-Awwal ni Oktoba, Tishrin al-Thani ni Novemba. Anayeponza wengi ni Kanun: Kanun al-Awwal ni Desemba, Kanun al-Thani ni Januari. Kwa kuwa awwal ni sawa na awali yetu, mtu hudhani Kanun al-Awwal ndiyo mwezi wa kwanza wa mwaka. Akikosea hapo, mechi ya Desemba inarudi nyuma miezi kumi na moja na kuingia msimu uliokwisha pita.

Kuhesabu mataji ya ligi

Hapa ndipo ubishi ulipo, kwa hiyo amua kanuni yako kwanza na uiandike wazi kwa msomaji. Chama cha soka cha Iraki kiliundwa Oktoba 1948, na kwa miaka mingi baada ya hapo ligi zilikuwa za miji na mikoa, ile ya Baghdad ikiwa na uzito kuliko zote. Timu zenyewe nyingi zilikuwa za taasisi: majeshi, polisi, bandari, reli, mafuta. Mwaka 1974 ukaja uamuzi kwamba ligi ya taifa iwe ya vilabu tu. Timu za polisi zikaunganishwa zikawa Al-Shorta, na timu ya jeshi la anga ikawa Al-Tayaran.

Ukihesabu kuanzia ligi hiyo ya vilabu, klabu yetu ina mataji saba: 1974–75, 1989–90, 1991–92, 1996–97, 2004–05, 2016–17 na 2020–21. Mawili ya kwanza yalitwaliwa kwa jina la Al-Tayaran. Yaani anayetafuta kwa jina la leo tu atapata matano na kuapa kwamba amemaliza. Ukimwona mtu anataja nane, kwa kawaida ameongeza 1973–74, msimu wa mwisho kabla ya mpango wa vilabu. Akitaja zaidi ya hapo, ameingiza ligi za Baghdad. Hakuna dhambi katika hesabu yoyote kati ya hizo ikiwa imeelezwa. Kosa ni kuilinganisha hesabu pana ya klabu moja na hesabu finyu ya nyingine. Al-Zawraa, wapinzani wake wakubwa wa Baghdad, inatajwa kuwa na mataji 14, yote ya kuanzia 1975–76. Ukiiwekea Al-Jawiya ligi za mkoa upande wa pili wa mizani, umedhulumu.

Halafu weka alama nyekundu kwenye misimu iliyokatika. 1984–85 ulifutwa. 2002–03 ulikatizwa na vita. 2003–04 haukumalizika. 2013–14 ulisimamishwa Juni 2014, mji wa Mosul ulipotekwa. 2019–20 ulifutwa katikati ya maandamano na janga la korona. Msimu kama huo ukiwa na timu iliyokuwa inaongoza, andika "ilikuwa inaongoza ligi ilipositishwa". Usiandike "bingwa", na usiandike pia kwamba timu fulani "ilikosa" taji, kwa kuwa halikuwepo la kukosa.

Vikombe vya pembeni vitenganishe. Miaka ya 1990 kulikuwa na Kombe la chama cha soka, na pia shindano la Umm al-Ma'arik (mama wa mapigano) lililopewa jina kutokana na Vita vya Ghuba vya 1991. Yote mawili yalichezwa kila msimu, na majedwali mabovu huyachanganya. Msimu wa 1996–97 ndio wa kujipima: Al-Quwa Al-Jawiya ilibeba ligi, Kombe la chama, Umm al-Ma'arik na kombe la nne, Super Cup. Daftari lako likionyesha vikombe vitatu tu msimu huo, rudi nyuma, kuna shindano umelimeza ndani ya lingine.

Pengo la 1975 hadi 1990

Miaka kumi na mitano bila taji la ligi inahitaji sababu, na mwandishi mvivu huandika kwamba timu ilishuka kiwango. Mtazame mpinzani. Al-Zawraa, iliyoanza 1969 kwa jina la Al-Muwasalat (ndiyo, mawasiliano), ilichukua ligi mara tatu kabla ya 1980. Kisha katikati ya miaka ya 1980 ikaja Al-Rasheed, klabu ya Uday Hussein, mtoto wa rais, aliyekuwa pia msimamizi wa michezo ya nchi nzima. Wachezaji bora wa klabu nyingine walihamishiwa kwake. Al-Rasheed ilitwaa ligi ya 1986–87, 1987–88 na 1988–89, na ikavunjwa 1990. Taji la Al-Tayaran la 1989–90 lilipatikana katikati ya hali hiyo, na uzito wake msomaji ataupata tu ukiwa umemweleza hayo kabla. Hii ndiyo sehemu ya historia hii ninayosihi isipunguzwe kuwa mstari mmoja.

Asia, na viwanja ambavyo si vya nyumbani

Al-Quwa Al-Jawiya ilishinda Kombe la AFC, yaani la Shirikisho la Soka la Asia, mara tatu mfululizo, na hakuna klabu iliyowahi kufanya hivyo kabla yake. Andika tatu hizo kwa ukamilifu, maana kila moja ina uwanja wenye maana.

Tarehe 5 Novemba 2016, Doha, uwanja wa Suheim bin Hamad: 1–0 dhidi ya Bengaluru ya India, bao la Hammadi Ahmad, aliyemaliza shindano akiwa na mabao 16. Tarehe 4 Novemba 2017, Hisor nchini Tajikistan: 1–0 dhidi ya Istiklol, bao la Emad Mohsin. Tarehe 27 Oktoba 2018, Basra: 2–0 dhidi ya Altyn Asyr ya Turkmenistan, mabao ya haohao wawili.

Usipite bila kueleza kwa nini Doha. Klabu za Iraki zilikuwa zimekatazwa kuandaa mechi za kimataifa nyumbani kwa sababu ya usalama, hivyo "nyumbani" kwa Al-Jawiya kulikuwa Qatar. Machi 2018 FIFA iliruhusu mechi rasmi zirudi katika miji mitatu: Basra, Karbala na Erbil. Baghdad haikuwemo. Kwa hiyo fainali ya 2018 ilichezwa Iraki, ila si katika mji wa klabu. Katika safu ya uwanja weka maneno mawili tofauti, "mwenyeji" na "mji", la sivyo utaandika kwamba timu ilisafiri kwenda Doha ugenini, au kwamba ilicheza kwake Baghdad. Yote mawili si kweli.

Pia usiandike "mabingwa wa Asia". Kombe la AFC lilikuwa la daraja la pili, chini ya Ligi ya Mabingwa, na hakuna klabu ya Iraki iliyowahi kubeba taji la juu la bara. Klabu ya Erbil ilifika fainali ya kombe hilohilo la AFC 2012 na 2014 ikapoteza zote mbili. Kuitaja kunamwonyesha msomaji kwamba mlango ulikuwa umegongwa kabla ya kufunguka. Ule mkasa wa 1971 mjini Bangkok, timu ya Iraki ilipokataa kucheza fainali ya Asia dhidi ya Maccabi Tel Aviv, ni wa Aliyat Al-Shorta, timu ya polisi. Unabandikwa kwa klabu isiyo yake mara nyingi mno.

Majina ya watu

Chukua tahadhari ileile. Emmanuel Baba Dawud na Ammo Baba ni mtu mmoja, aliyefunga bao la kwanza la timu ya taifa ya Iraki katika michezo ya Waarabu mjini Beirut mwaka 1957, na aliyefariki 2009. Aliichezea Al-Quwa Al-Jawiya, lakini alikuwa na timu nyingine kabla yake. Mpe klabu miaka aliyoitumikia tu, na bao la Beirut liache kwa taifa.

Ukimaliza rasimu, fanya jaribio hili: funika makala, chukua daftari, hesabu upya mataji ya ligi kwa kusoma safu ya jina tu. Mawili yawe Al-Tayaran, matano Al-Quwa Al-Jawiya. Halafu hesabu misimu yenye alama nyekundu, iwe mitano. Kisha fungua makala utafute kila neno "nyumbani", na pembeni ya kila moja andika mji.