Somo: Kalkulasi ya vigeu vingi kwa Maxima, hatua kwa hatua

Wengi mnaouliza kuhusu mada hii mko mwaka wa pili. Kalkulasi ya x peke yake mmeshaizoea, sasa y na z zimeingia na swali la mistari mitatu limegeuka kurasa mbili. Kurasa hizo mbili programu inaweza kukubebea. Isichokubebea ni swali lenyewe: eneo limekaaje, sharti ni lipi, na kati ya majibu yaliyoletwa, lipi linatupwa. Kwa hiyo humu nitapita haraka kwenye amri na kukaa zaidi pale ambapo mashine inakuachia wewe.

Natumia Maxima. Ni ya bure, ni nyepesi, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani isiyo na intaneti. Asili yake ni Macsyma, iliyoanza kuandikwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. William Schelter aliitunza kuanzia 1982 hadi alipofariki 2001, na mwaka 1998 ndiye aliyepata ruhusa ya kuitoa kwa leseni huria. Mathematica na Maple ni nzuri, sibishi, lakini leseni zake si za mfuko wa mwanafunzi. Ukipakua wxMaxima unapata dirisha la kuandikia na hesabu zinazoonekana kama za kitabuni.

Kabla ya kuanza: namna ya kuandika

Kila amri imalizie kwa nukta-mkato, kisha bonyeza Shift na Enter pamoja. Nukta mbili (:) ni za kukipa kitu jina. Alama ya sawa (=) ni ya mlinganyo tu, haihifadhi chochote. Pai inaandikwa %pi, na ile namba e inaandikwa %e.

Alama ya kuzidisha usiiruke kamwe. Ukiandika 3xy Maxima inakataa papo hapo, na hapo una bahati. Ukiandika 3*xy haisemi kitu. Inachukulia kwamba xy ni kigeu kipya, hakina uhusiano na x wala y, na derivativu yake kwa x ni sifuri. Unaendelea na hesabu mpaka mwisho, jibu linatoka safi kabisa, na si jibu la swali lako.

Hatua ya 1: Vilele, mabonde na matandiko

Tuchukue fanksheni hii:

f: x^3 + y^3 - 3*x*y;
diff(f, x);
diff(f, y);

Derivativu za sehemu zinatoka 3x² − 3y na 3y² − 3x. Sasa tunatafuta mahali ambapo zote mbili ni sifuri:

solve([diff(f,x)=0, diff(f,y)=0], [x,y]);

Hapa ndipo watu hushtuka. Majibu yanakuja manne, na mawili kati yake yana %i ndani, yaani i, kipeuo cha pili cha −1. Mashine haijakosea. Mlinganyo wa kwanza unasema y = x². Ukiuingiza kwenye wa pili unapata x⁴ = x, yaani x ni sifuri au x³ = 1. Na x³ = 1 ina majibu matatu ukiruhusu namba changamano. Sisi tunazungumzia uso unaoweza kuchorwa, basi yale mawili yenye %i tunayaacha. Yanabaki (0,0) na (1,1).

Kujua kila moja ni nini, tunapanga derivativu za pili kwenye jedwali liitwalo Hessian, kisha tunatafuta determinanti yake:

H: hessian(f, [x,y]);
d: determinant(H);
subst([x=0, y=0], d);
subst([x=1, y=1], d);

Determinanti ni 36xy − 9. Kwenye (0,0) inatoa −9, ni hasi, kwa hiyo hapo ni tandiko, mahali panapopanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Kwenye (1,1) inatoa 27, na derivativu ya pili kwa x ni 6, chanya zote, kwa hiyo ni bonde, na kina chake ni f = −1.

Lile tandiko msilikubali kwa sababu tu fomyula imesema. Tembea juu ya mstari y = x: fanksheni inakuwa 2x³ − 3x², na karibu na sifuri inashuka pande zote mbili. Tembea juu ya y = −x: inakuwa 3x², inapanda pande zote mbili. Unashuka huku, unapanda kule, ndilo tandiko lenyewe. Hii ni kazi ya dakika moja kwa kalamu.

Na bonde la −1 ni bonde la pale tu. Jaribu (−3, 0), utapata −27. Swali likisema "thamani ndogo kabisa" bila kutaja mipaka, jibu ni kwamba haipo.

Hatua ya 2: Kukiwa na sharti

Fundi wa kuchomelea anataka kutengeneza tangi la maji la mstatili, lisilo na mfuniko, la lita 4,000, yaani mita za ujazo 4. Atumie vipimo gani ili karatasi ya chuma iende kidogo iwezekanavyo?

Urefu na upana ni x na y, kimo ni z. Chini kuna xy. Pembeni kuna 2xz na 2yz. Sharti ni xyz = 4. Njia ya Lagrange inasema tuunganishe eneo na sharti kwa kizidishi kimoja, k:

S: x*y + 2*x*z + 2*y*z;
g: x*y*z - 4;
L: S - k*g;
realonly: true;
algsys([diff(L,x), diff(L,y), diff(L,z), g], [x,y,z,k]);

Nimetumia k kwa sababu neno lambda lina kazi yake nyingine ndani ya Maxima. Mstari wa realonly unaiambia isituletee namba changamano, maana hapa pia zipo. Jibu: x = 2, y = 2, z = 1, k = 2. Eneo ni mita za mraba 12.

Je, 12 ni kidogo kweli? Linganisha na kitu unachokijua. Tangi lenye pande zote sawa lingekuwa na upande wa takriban mita 1.587, na nyuso tano zake zingekula takriban mita za mraba 12.6. Fundi ameokoa zaidi ya nusu mita ya mraba kwa kulifanya tangi liwe fupi na pana. Inaingia akilini: juu hakuna karatasi, basi upana ni nafuu kuliko urefu wa kwenda juu.

Hatua ya 3: Integrali mbili, na kwa nini uchore kwanza

Swali hili halikosi kwenye karatasi za mitihani: integrali ya e^(y²), y ikienda kutoka x hadi 1, na x kutoka 0 hadi 1. Mwanafunzi anaiandika kama ilivyo. Jaribu sehemu ya ndani peke yake:

integrate(exp(y^2), y);

Linakuja jibu lenye erf na %i. Maana yake ni kwamba hakuna jibu la kawaida, la vipeo, sini na logi, kwa njia hiyo. Funga kompyuta kidogo, chukua karatasi.

Chora mstari y = x, na mstari wa kulala y = 1. Eneo letu ni pembetatu iliyo juu ya y = x, chini ya y = 1, kulia kwa mhimili wa y. Mwalimu wako aliikata kwa vipande vya kusimama. Wewe ikate kwa vipande vya kulala: kwa kila y kuanzia 0 hadi 1, x inaanzia 0 inaishia kwenye mstari, yaani y. Rudi kwenye mashine:

integrate(integrate(exp(y^2), x, 0, y), y, 0, 1);
float(%);

Linatoka (e − 1)/2, takriban 0.859 (alama % pekee ni jibu lililotangulia). Ndani, e^(y²) haina x, kwa hiyo inazidishwa na y tu, na ile y ndiyo iliyokuwa inakosekana ili integrali ya nje ikubali.

Kagua haraka: eneo la pembetatu ni 0.5, na e^(y²) humo iko kati ya 1 na 2.718. Jibu lazima liwe kati ya 0.5 na 1.36. Lipo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa nafanya vizuri, ghafla nikiandika diff(f,x) inalalamika kwamba mahali pa kigeu imekuta namba 2. Sijabadilisha kitu.*

Marahaba. Umebadilisha, ila umesahau. Mahali fulani huko juu uliandika x: 2, na Maxima inakumbuka hadi uifunge. Andika kill(x), ili kumsahaulisha x peke yake, au kill(all), uanze upya. Ndiyo maana mimi natumia subst kuweka thamani: inaweka namba kwa mara hiyo moja tu, x inabaki x.

*Mkuu, naomba msaada. Ujazo ulio chini ya z = 4 − x² − y² na juu ya z = 0. Nimetumia polar, integrali ya 4 − r^2, r kutoka 0 hadi 2, t kutoka 0 hadi 2*%pi. Maxima inanipa 32π/3, kitabu kinasema 8π. Kitabu kimekosea?*

Kitabu kiko sawa. Ukihama kutoka x na y kwenda r na t, kieneo kidogo dx dy kinakuwa r dr dt. Ile r hukuiandika, na Maxima haiwezi kujua kama r yako ni ya polar au ni herufi tu. Andika hivi:

integrate(integrate((4 - r^2)*r, r, 0, 2), t, 0, 2*%pi);

Utapata 8π. Na kuna njia ya kukagua aliyoijua Archimedes: umbo hili linachukua nusu kamili ya silinda inayolizunguka. Silinda ina kipenyo-nusu 2 na kimo 4, ujazo 16π. Nusu yake unaiona.

*Kaka, kwangu determinanti imetoka 0 kwenye (0,0). Niandike nini, tandiko au bonde?*

Usiandike lolote kati ya hayo kwa kutegemea determinanti, dada. Sifuri maana yake kipimo kimenyamaza. Angalia x⁴ + y⁴ na x⁴ − y⁴: zote zinatoa sifuri pale katikati. Ya kwanza ni bonde, kwa sababu haiwezi kwenda chini ya sifuri. Ya pili inapanda ukifuata x na kushuka ukifuata y. Rudi kwenye fanksheni yako, weka y = 0 uone, weka x = 0, weka y = x. Ukipata njia moja inayopanda na nyingine inayoshuka, umemaliza: ni tandiko. Zikipanda zote, bado hujathibitisha bonde, itabidi uonyeshe kwa hoja kwamba haishuki popote hapo karibu.

*Nikiandika integrate(exp(-a*x^2), x, 0, inf) inaniuliza kama a ni chanya, hasi au sifuri. Mimi nitajuaje?*

Utajua kutoka kwenye swali. Inauliza kwa sababu a ikiwa hasi, integrali hiyo haina mwisho. Ijibu kwa kuandika positive, au, kabla ya yote, andika assume(a > 0), haitauliza tena. Jibu ni kipeuo cha pili cha pai, gawanya kwa mara mbili ya kipeuo cha pili cha a.

*Kwenye tangi, ile k = 2 ni ya nini? Sisi tunaitupa tu.*

Msiitupe, ni bei. Inasema ukiongeza ujazo kidogo, kila mita ya ujazo itakugharimu takriban mita 2 za mraba za karatasi. Badilisha 4 iwe 4.1 kwenye g, rudia algsys, halafu piga S upya: inakaribia sana 12.2. Nyongeza ya 0.1 mara 2 ni ile 0.2.

*Sina laptop, nina simu tu.*

Kwa Android ipo Maxima on Android, inafanya kazi bila bando ukishaipakua. Kwa iPhone fungua SageMathCell kwenye kivinjari, chagua Maxima kwenye orodha ya lugha, ubandike amri hizi hizi. Ila skrini ni ndogo, na mabano yakizidi mawili utayapoteza. Fanya kama nilivyofanya hatua ya 2: vipe vipande majina, S, g, L, kisha viunganishe.