Kompyuta inagoma kuzima? Angalia kwanza inakwamia wapi

Wengi kompyuta ikigoma kuzima wanashikilia kitufe cha pawa mpaka ikate, kesho tena hivyo hivyo, mwisho inakuwa ndo njia ya kuzimia. Jamani tuache hii. Ikiwa imeganda kabisa sawa, shikilia kama sekunde 10 itakata, ila kila siku hapana, maana unaikata ikiwa pengine bado inaandika kitu kwenye diski na hapo ndo mafaili yanapoharibika. Na tatizo lenyewe mara nyingi unalimaliza mwenyewe bila fundi. Hapa naongelea Windows 10 na 11.

Kabla hujagusa setingi yoyote bonyeza Shut down, alafu tulia uangalie inaishia wapi.

Kama inakuletea listi ya programu zinazozuia, soma majina usikimbilie "Shut down anyway". Mara nyingi ni faili hujalisevu tu, rudi ulisevu yaishe. Ila kama ni jina lile lile kila siku, fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda Startup, hiyo programu iweke Disabled, isiwe inajiwasha yenyewe kila ukiwasha mashine.

Kama inazunguka tu kwenye "Shutting down", angalia imeandika nini. Ikitaja apdeti iache, hata ikichukua nusu saa iache, we hakikisha tu laptop iko kwenye chaji. Kama hakuna apdeti, chomoa kila kilichochomekwa, flashi, printa, diski ya nje, vyote, alafu jaribu tena. Ikizima fresh, rudisha kimoja kimoja huku unaizima kila mara mpaka umjue mbaya wako ni yupi.

Sasa ile inayosumbua watu zaidi ni hii ya tatu: skrini inaingia giza unajua imezima, kumbe feni inazunguka na taa inawaka. Hapa wa kwanza kumshuku ni Fast Startup. Hiki kitu kilikuja na Windows 8 mwaka 2012 na kwenye mashine nyingi kipo on bila mtu kukigusa. Kinachofanyika ni kwamba ukibonyeza Shut down Windows haizimi yote, programu zako inafunga ndiyo, ila kiini chake na madraiva (programu ndogo zinazoiunganisha Windows na vifaa vya mashine) inavihifadhi kwenye faili linaitwa hiberfil.sys ili kesho iwake haraka, sasa draiva moja ikigoma kulala hapo katikati mashine nzima inabaki imening'inia. Kupima ni rahisi sana: shikilia Shift huku unabonyeza Shut down, hiyo inazima kamili bila kupitia huko. Ikizima vizuri basi mchawi umempata.

Kukitoa nenda Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", bonyeza yale maandishi ya juu "Change settings that are currently unavailable", toa tiki kwenye "Turn on fast startup", sevu. Itachelewa kidogo kuwaka, na kama una SSD (diski ya kisasa yenye kasi) pengine wala hutaona tofauti. Ukikuta hicho kiboksi hakipo kabisa, hibernate (ile ya kuhifadhi hali ya mashine kwenye diski, ambayo Fast Startup inaitegemea) imezimwa, kwa hiyo tatizo liko kwingine.

Kwingine maana yake madraiva. Ingia saiti ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, weka modeli, shusha draiva za chipset (chipu kuu za bodi), netiweki na grafiki, usichukue kwenye visaiti vya ajabu ajabu. Bayosi (BIOS, programu ya kwenye bodi inayoanza kabla ya Windows) iache iwe kitu cha mwisho kabisa kuapdeti, umeme ukikatika katikati ya kuiapdeti bodi inaweza kufa, kwa hiyo usifanye kama umeme wako si wa uhakika.

Ukishamaliza hakikisha kweli imepona. Fungua Event Viewer (ndo daftari la Windows la matukio ya mashine), Windows Logs, System, tafuta namba 6008 kwenye safu ya Event ID, hiyo inaandikwa mashine ikiwaka baada ya kuzimika vibaya. Ikizima vizuri inaandika 6006. Na kama ulikuwa umeshaikata kwa nguvu mara nyingi, fungua Command Prompt kama Administrator, andika sfc /scannow uiache imalize, itakagua mafaili ya Windows na kurekebisha yaliyoharibika.