Kabla Mtu Wako Hajameza Kidonge cha Kwanza cha Akili

Dawa za sonona, za usingizi na za kutuliza akili hazifanyi kazi sawasawa kwa kila mtu. Dozi iliyomrudisha kazini jirani yako wa miaka 30 inaweza kumwangusha mama yako kwenye sakafu ya bafu. Mama yangu alianguka hivyo akiwa na miaka 71, na kama ningejua haya ninayoyaandika leo, asingefika huko. Dawa zenyewe sizipingi, zinaokoa watu. Nataka mzianze mkijua mnachokianza.

Mtajie daktari umri kamili wa mgonjwa, na apimwe uzito siku hiyohiyo. Kama ni mzee, uliza kama dozi imepunguzwa kwa ajili ya umri wake. Ini na figo za mzee hazisafishi dawa kwa kasi ya kijana. Diazepamu, kwa mfano, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, hulimbikizana mwilini, ya jana inakutana na ya leo, ndiyo maana mzee anaamka anapepesuka. Amitriptilini, dawa ya sonona, humfunga choo, humzuia mkojo, na akisimama ghafla presha inashuka anaona giza. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akiandikiwa haloperidoli au risperidoni, dawa za wanaoona au kusikia visivyokuwepo, muulize daktari ni ya nini na itaachwa lini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mwaka 2005, ikapanua onyo hilo mwaka 2008, kwamba dawa za kundi hili huongeza vifo kwa wazee wa hali hiyo.

Kisha beba dawa zote anazotumia. Nasema zote, hata zile mlizokwisha kuzizoea.

Baba alipofariki, mama alikaa eda hali chakula wala halali. Alipomaliza tukampeleka hospitali, akaandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Daktari aliuliza kama ana presha, nikajibu anayo ila imetulia. Sikusema imetulizwa na nini. Nyumbani, ndani ya kopo la siagi juu ya kabati, kulikuwa na kidonge cha presha cha kumkojoza, alichokunywa kila asubuhi kwa miaka 9. Kwetu hicho hakikuwa dawa tena, kilikuwa sehemu ya chai yake.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya 11 akaanza kulalamikia kichwa na kichefuchefu. Siku ya 13 alinikabidhi rimoti ya televisheni akaniambia, "Hebu mpigie baba yako, mbona kachelewa?" Shangazi akasema ni uchungu wa msiba. Mimi nikasema ni uzee. Jirani akashauri anywe maji mengi ili dawa ipungue ukali, nami nikaketi naye na jagi, glasi baada ya glasi, nikimbembeleza. Usiku huo tulimkuta bafuni anatetemeka mwili mzima kama mtoto mwenye degedege, kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika.

Hospitali, daktari kijana wa zamu aliniambia nimwage mfuko mzima wa dawa mezani. Akaviweka kando vidonge vya aina mbili, akaagiza sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, ipimwe. Kawaida huwa kati ya 135 na 145. Ya mama ilikuwa 116. Akanieleza taratibu: dawa za sonona za kundi la fluoksetini zinaweza kuufanya mwili ushikilie maji, kidonge cha kukojoza kinatoa sodiamu kwenye mkojo, na maji niliyokuwa nikimnywesha yaliizimua hata ile iliyobaki. Wanaopatwa zaidi ni wazee, wanawake kuliko wanaume, hasa mwenye mwili mdogo anayetumia dawa ya kukojoza, na mara nyingi huwa ndani ya wiki chache za mwanzo. Mama alikuwa na yote hayo. Alilazwa siku 8, kwa sababu sodiamu haipandishwi kwa pupa, ikikimbizwa inaumiza ubongo. Akabadilishiwa dawa zote mbili. Akili zilimrudia kabla mkono haujaunga.

Kwa hiyo uliza waziwazi: sodiamu ipimwe kabla ya kuanza, na irudiwe baada ya wiki mbili? Na mzee akichanganyikiwa ghafla baada ya dawa mpya, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Uzee haumwingii mtu kwa siku 13.

Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, suala la mimba lizungumzwe kabla cheti hakijaandikwa, hata kama hajaolewa, na mama mkwe asubiri nje. Valproeti, dawa ya kifafa na ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ikitumika wakati wa ujauzito, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huweza kuchelewa kukua kiakili. Karbamazepini, ya kazi hiyohiyo, nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na ya kijiti, basi nesi wa uzazi wa mpango aambiwe. Risperidoni na haloperidoli zinaweza kusimamisha hedhi na hata kutoa maziwa kwenye matiti. Binti asiyejua atadhani ana mimba, na nyumbani watamtukana bure.

Hata dawa ya usingizi ina mambo yake. Mwaka 2013 Marekani ilipunguza dozi ya zolpidemu kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huiondoa polepole na asubuhi bado imo, mtu yuko barabarani anaendesha gari. Na msishangae haya kuchelewa kujulikana: kuanzia 1977 hadi 1993, mwongozo wa huko ulizuia wanawake wenye uwezo wa kupata mimba wasiingie kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa.

Kijana wa chini ya miaka 25 akianza dawa ya sonona, asilale peke yake wiki za mwanzo, na aulizwe kwa upole kama anawaza kujiua. Kwa baadhi yao mawazo hayo huongezeka mwanzoni. Kijana wa kiume akipewa haloperidoli, jueni kwamba ndani ya siku chache shingo inaweza kupinda na macho kugeuka juu. Msimkimbize kwa mganga kutolewa mapepo. Ipo sindano ya kulegeza mkazo huo, na hufanya kazi haraka.

Mengine ni ya kawaida. Andika tarehe ya kuanza. Mgonjwa asiache ghafla kwa kuwa amepata nafuu, hata mjamzito asiache kabla hajaongea na daktari. Asigawiwe vidonge vya ndugu yake eti ugonjwa ni mmoja. Pombe asiguse. Anayetumia litiamu, dawa nyingine ya hisia zinazopanda na kushuka, akiharisha au akitapika, awahi hospitali. Kopo liwe juu, mbali na watoto, na mzee asijipimie dawa mwenyewe gizani.