Namna ya Kuchunguza kwa Nini Nyumba Yenye Mtungi wa Gesi Bado Inanunua Mkaa

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, unalenga kuwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi. Mtafiti atakayeingia katika majiko ya Dar es Salaam kuona lengo hilo linapokelewaje hatachelewa kukuta mtungi wa kilo 6 umesimama ukutani huku jiko la mkaa likiwaka uani. Dodoso la kawaida huuliza nishati kuu ya kaya ni ipi, likaandika jibu moja, na kwa jibu hilo likafuta jambo lenyewe lililohitaji kuchunguzwa. Kwa sababu hiyo, kinachofaa kufuatiliwa hapa ni sufuria moja moja.

Utaratibu wa vibali unajulikana. Kwa Tanzania Bara kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua za utambulisho hushuka kutoka mkoani hadi serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa ni lazima ajue upo, lakini si vyema yeye au mjumbe akae nawe wakati wa mahojiano: serikali inahimiza gesi, na mama anayekuona umeongozana na kiongozi atakuambia kwamba mkaa aliuacha zamani, hata kama gunia liko nyuma ya mlango.

Swali la kwanza lisiwe kama gesi ni bora kuliko mkaa, kwani karibu kila mtu atajibu kwamba ni bora, na hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Baada ya salamu, uliza jana mlipika nini, kisha kwa kila chakula uliza kilibandikwa kwenye jiko lipi, nani alikipika, na kwa nini hakikubandikwa kwenye jiko la pili. Majibu hutoka kwa urahisi, kwa kuwa mtu anasimulia kazi yake mwenyewe na hatetei msimamo wowote. Mara nyingi chai, mayai na kupasha kiporo huenda kwenye gesi, maharage na makande huenda kwenye mkaa, na wali huweza kuchemshwa kwenye gesi kisha ukapaliwa moto juu ya mfuniko. Dodoso la jibu moja haliwezi kuiona sufuria hiyo iliyopita majiko mawili.

Omba pia ruhusa ya kukaa jikoni wakati chakula kinapikwa, na uangalie mikono kuliko unavyosikiliza maneno. Mpishi hunyanyua mtungi kidogo au kuutikisa ili akadirie gesi iliyobaki, kwa kuwa mitungi mingi midogo haina kipimo. Mkaa unaonekana ukipungua ndani ya ndoo, ilhali gesi inaweza kuisha ghafla ugali ukiwa bado haujaiva. Tena mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na fedha ya siku, wakati kujaza mtungi kunadai fedha yote kwa mkupuo. Kwa hiyo mtu anaposema gesi ni ghali, usiandike tu neno hilo. Uliza alilipa lini, fedha ilitoka kwa nani, na siku gesi ilipoisha walipika kwa kutumia nini. Hofu nayo ichambuliwe vivyo hivyo, kwa kutenganisha mlipuko aliosimuliwa, alioushuhudia na uliompata yeye mwenyewe, maana kila kimoja kina uzito wake.

Nani ajibu? Baba huenda ndiye aliyenunua mtungi na dada wa kazi ndiye anayepika, nao hawatasimulia jiko moja. Zungumza nao kila mmoja peke yake, na dada akiwa hajafikisha miaka 18 pata ridhaa yake na ya mlezi wake. Picha za majiko zisionyeshe nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama simu uliyopigia picha ni yako.

Simulizi zipimwe kwa mizani. Kwa siku saba, pima mkaa na mtungi asubuhi na usiku kwa mizani ya kuning'iniza, ukihesabu mkaa mpya ulionunuliwa. Jiko likiwa limefungwa juu ya mtungi, lipime hivyo hivyo kila mara bila kulifungua. Kinachotakiwa ni tofauti ya uzito tu. Rudia zoezi msimu wa mvua, mkaa unapolowa na uani hapapikiki, na tena Ramadhani, ambapo vyakula vya futari hubadilisha kabisa mpangilio wa majiko.

Wakati wa kuchambua, weka safu tatu kwa kila sufuria: kilichosemwa, kilichoonekana na kilichopimwa. Zinapopishana usiharakishe kumwita mtu mwongo. Rudi umwonyeshe namba za nyumba yake mwenyewe na umwombe azieleze, kwani maelezo hayo mara nyingi ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko yote. Kaya ishirini zilizofuatiliwa hivi zinatosha kueleza sababu, ila zisiandikiwe asilimia kana kwamba zinawakilisha jiji zima.