Kabla ya kumpiga picha mtoto mchanga: mwanga wa Goma, joto la chumba na mikono ya mama

Mtoto mchanga hamngojei mpiga picha. Akinyonya akashiba na kulala, una nusu saa hivi, ukibahatika saa nzima. Kisha atakojoa, njaa itamrudia, au atachoka kuguswaguswa. Ndiyo maana anayetaka kuijua kazi hii ajifunze kwanza kumaliza maandalizi yote wakati mtoto bado yuko kifuani kwa mama yake. Ukianza kutafuta shuka au kufuta picha za zamani ili simu ipate nafasi, wakati mtoto ameshalazwa, umechelewa.

Siku moja kabla, nenda ukaitazame nyumba, hasa dirisha. Goma iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini: nje, macho ya mtoto yanazama kwenye vivuli, na ndani ya nyumba zetu za mbao, zenye madirisha madogo, mwanga unakuwa haba. Asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, ndiyo saa ninayoipenda. Tandika godoro kama mita moja kutoka dirishani, pazia jepesi likiwa limeshushwa ikiwa jua linapiga moja kwa moja. Kichwa cha mtoto kielekee dirishani, kwa mshazari kidogo, ili mwanga ushuke kutoka kwenye paji la uso kwenda kidevuni. Ukiigeuza miguu ndiyo iwe dirishani, mwanga utamwingia puani kutoka chini na uso mzuri utaonekana wa kutisha. Upande wa pili, ulio gizani, simamisha shuka jeupe lirudishe mwanga shavuni. Zima taa, maana umanjano wake ukichanganyika na mwanga wa dirisha rangi ya ngozi inaharibika. Umeme ukikatika hupotezi kitu, mradi simu ilichajiwa usiku. Angalia pia kama kuna turubai la bluu karibu. Ubluu wake hupanda usoni.

Halafu kuna suala la mawe yetu meusi ya volkano, ambayo yapo kila ua. Kamera haijui kama inatazama jiwe jeusi au shuka jeupe. Yenyewe hutaka kila picha iwe na mwangaza wa kati. Mtoto mweusi akilazwa juu ya shuka jeupe, simu hupunguza mwanga na uso unafifia gizani. Akipakatwa mbele ya ukuta wa mawe, inauzidisha na paji la uso linang'aa kupita kiasi. Gusa uso wake kwenye kioo, kisha ongeza au punguza mwangaza kwa kidole hadi uone mikunjo ya kope. Kikwembe (kitenge) cha rangi ya kahawia au ya udongo hukupunguzia kazi hiyo yote.

Joto lina uzito kuliko kamera. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa akivuliwa nguo, na asubuhi za Goma baada ya mvua ni baridi. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kuzalia kiwe na nyuzi 25 hadi 28. Wewe nawe chukulia kwamba ukiwa na jasho kidogo, yeye yuko sawa. Lakini mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, isiingizwe katika chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua. Heri apigwe picha akiwa na kofia yake ya sufu na amefungwa vizuri.

Kucha zikatwe, pete zivuliwe, mikono inawe kwa sabuni. Mwenye kikohozi abaki nyumbani. Shingo ya mtoto haijikazi, kwa hiyo daima kuwe na mkono wa mama au wa nyanya karibu. Ile picha ya mtoto aliyeegemeza kidevu kwenye viganja vyake usiijaribu: hutengenezwa kwa kuunganisha picha kadhaa ambamo mtu mzima amemshika, kisha vidole vyake vikafutwa kwenye kompyuta. Mikono ya mama ikionekana, picha ni nzuri zaidi, kwa maoni yangu.

Wiki mbili za kwanza mtoto hulala sana na kujikunja mwenyewe. Tabasamu la kukujibu lisubiri wiki ya sita hadi ya nane, na kukaa bila kushikwa hadi miezi sita hivi. Akiwa macho, anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, basi mwambie mama aweke uso wake karibu na simu yako, aongee naye polepole.

Kioo cha kamera kifute kwa kitambaa laini, maana vumbi la volkano linakwaruza. Na kabla hujapiga hata moja, waulize wazazi wote wawili kama picha zinaweza kuwekwa mtandaoni. Wakikataa, zibaki kwao. Watumie kwa WhatsApp kama hati, zisibanwe, ili wakizipeleka kuchapisha zisitoke na ukungu.