Dawa Sahihi kwa Mgonjwa Asiye Sahihi: Jinsi ya Kutumia Utafiti wa COVID Katika Zahanati

Mwezi Juni 2021, serikali ilipoweka kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri katika kaunti 13 za magharibi mwa Kenya na kandokando ya Ziwa Victoria, mama mmoja muuza samaki aliletwa kwenye zahanati yetu iliyoko pembezoni mwa Kisumu akiwa na homa na kikohozi cha siku tatu. Alifungua fundo la leso yake akatoa kijikaratasi cha kaki chenye vidonge vya deksamethasoni, alivyouziwa dukani bila cheti cha daktari, akaniuliza, "Daktari, si ndiyo hii redio ilisema inaokoa watu wa korona?" Redio haikuwa imesema uongo. Lakini mama huyo alikuwa na kisukari, sukari yake ilikuwa imepanda kupita kiwango ambacho mashine yetu ingeweza kusoma, na oksijeni yake ilikuwa asilimia 96, maana yake hakuwa akiihitaji dawa hiyo hata kidogo.

Mwongozo huu ninawaandikia maafisa wa kliniki, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, ambao husikia habari ya utafiti mpya asubuhi na kuulizwa juu yake na wagonjwa kabla ya saa sita mchana. Huhitaji kuwa mtakwimu ili kuutumia utafiti vizuri. Unachohitaji ni kumjua mgonjwa aliyechunguzwa kwenye utafiti huo, kisha kumlinganisha na huyu aliyeketi mbele yako.

Hatua ya 1: Thibitisha ugonjwa unaoutibu

Katika ukanda wa ziwa, homa bado ni malaria hadi kipimo kikatae, na kipimo cha malaria kikionyesha mistari miwili hakijaondoa uwezekano wa COVID, kwa sababu mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo pima yote mawili siku hiyo hiyo. Kikohozi kikiwa kimepita wiki mbili, au mgonjwa akiwa amekonda na kutokwa na jasho usiku, chukua makohozi ya kupima kifua kikuu pia. Jambo hili litarudi tena katika Hatua ya 4.

Andika kwenye kadi tarehe ambayo dalili zilianza, si tarehe mgonjwa alipokuja. Karibu kila uamuzi unaofuata hutegemea tarehe hiyo.

Hatua ya 2: Pima oksijeni kama mtu anayekitilia shaka kifaa chake

Oksimita ya kidoleni ndicho kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote tulivyo navyo katika ugonjwa huu, kwani wapo wagonjwa wanaozungumza na kucheka huku oksijeni yao ikiwa imeshuka vibaya. Hata hivyo, wengi huitumia kwa haraka mno. Mketishe mgonjwa dakika tano, futa rangi ya kucha, epuka kidole chenye hina nzito, pasha mikono joto ikiwa ni ya baridi, kinga kifaa dhidi ya jua kali, kisha subiri hadi namba itulie. Namba ya kwanza inayotokea si jibu.

Kuna jambo ambalo kila mhudumu wa Afrika angepaswa kulijua. Mnamo Desemba 2020, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita iliwaonyesha kati ya asilimia 92 na 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya asilimia 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, lakini kwa asilimia 3.6 tu ya wagonjwa weupe. Kifaa hupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huathiri hesabu yake. Kwa maneno mengine, mashine tunayoitegemea huweza kutudanganya sisi zaidi ya wengine, na hutudanganya kwa kutupa matumaini.

Ongeza hapo suala la mwinuko. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko takriban mita 1,850, ambako mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma namba iliyo chini kidogo kuliko ndugu yake wa Mombasa. Ndiyo maana mimi sitegemei namba moja. Kwanza humpima pia jamaa aliyemsindikiza mgonjwa, ikiwa ni mzima, ili nijue kifaa changu kinasema nini siku hiyo. Pili, humwomba mgonjwa anayejiweza asimame na kuketi mfululizo kwa dakika moja, kisha nampima tena. Namba ikishuka kwa pointi tatu au zaidi, simwachi aende nyumbani bila kumtafakari upya. Tatu, nahesabu pumzi kwa dakika nzima, bila kumwambia kwamba ninahesabu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ana ugonjwa mkali hata oksimita ikisema 95.

Shirika la Afya Duniani huhesabu ugonjwa kuwa mkali oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90. Kwa sababu nilizotaja, mimi huanza kupanga usafiri wa kwenda hospitali ya rufaa namba ikiwa 92 au 93 na inaendelea kushuka, kwa kuwa barabara zetu na uhaba wa ambulensi navyo vimo katika hesabu.

Hatua ya 3: Tafuta mgonjwa wa utafiti ni nani

Turudi kwa vidonge vya yule mama, kwa sababu utafiti wa deksamethasoni ndio shule bora ninayoijua. Uliitwa RECOVERY, uliendeshwa na Chuo Kikuu cha Oxford katika hospitali za Uingereza, na matokeo yake ya kwanza yalitangazwa Juni 2020. Wagonjwa 2,104 walipewa miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku kumi, na wengine 4,321 walipata matibabu ya kawaida pasipo dawa hiyo. Aliyepata na aliyekosa aliamuliwa kwa bahati nasibu ya kompyuta, si kwa huruma ya daktari wala uwezo wa mfuko wa mgonjwa. Hilo ndilo jambo la kwanza la kutafuta katika utafiti wowote, kwa sababu pasipo bahati nasibu huwezi kujua kama waliopona walipona kwa dawa au walikuwa na nguvu tangu mwanzo.

Ukisoma jumla yake, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 22.9 kati ya waliopewa dawa na asilimia 25.7 kati ya wasiopewa. Wengi huishia hapo. Usiishie hapo, shuka hadi kwenye mgawanyo wa wagonjwa. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilikuwa asilimia 29.3 badala ya 41.4, yaani katika kila watu mia moja wa aina hiyo, takriban 12 waliokolewa. Kwa waliohitaji oksijeni bila mashine, vilikuwa asilimia 23.3 badala ya 26.2, yaani watatu hivi katika mia. Lakini kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, waliopewa dawa walikufa asilimia 17.8 na wasiopewa asilimia 14.0. Tofauti hii ya mwisho ingeweza kutokea kwa bahati tu, ila dalili ya faida haimo hata kwa tochi.

Sababu yake inaeleweka. Siku za mwanzo virusi ndivyo vinavyofanya kazi, na kinga ya mwili ndiyo inayopambana navyo. Baadaye, kwa baadhi ya wagonjwa, kinga yenyewe hupita kiasi na kuanza kuunguza mapafu, na hapo ndipo steroidi kama deksamethasoni huituliza. Ukiituliza mapema umemfunga mikono askari wakati mwizi yuko mlangoni. Na mwenye kisukari umempandishia sukari juu yake. Mgonjwa wa RECOVERY aliyefaidika alikuwa amelazwa, mapafu yake yakishindwa. Mama yule wa samaki alikuwa siku ya tatu, akipumua vizuri. Dawa ilikuwa moja, lakini wagonjwa walikuwa wawili tofauti. Tulimwachisha vidonge, tukamrudisha kwenye dawa zake za sukari, na tukampigia simu kila asubuhi.

Kwa hiyo, andika mstari mmoja kwa kila utafiti unaousoma: walikuwa nani, siku ya ngapi ya ugonjwa, walilinganishwa na nini, na kilichohesabiwa ni kifo, kulazwa, au kikohozi kuisha. Mstari huo ukikushinda kuujaza, usibadilishe chochote katika tiba yako.

Hatua ya 4: Hesabu siku, kisha pitia dawa anazomeza

Paxlovid, yaani nirmatreliviri pamoja na ritonaviri, ni dawa ya kuzuia virusi vya korona katika siku za mwanzo za ugonjwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watu wasiochanjwa na wenye hatari kubwa walioanza dawa ndani ya siku tano walilazwa au kufa 8 kati ya 1,039, huku waliopewa kidonge bandia wakiwa 66 kati ya 1,046. Ni tofauti kubwa sana. Miaka miwili baadaye ukachapishwa utafiti mwingine wa dawa hiyo hiyo kwa waliochanjwa wenye hatari fulani pamoja na wasiochanjwa wasio na hatari, na dalili zao ziliisha kwa siku 12 badala ya 13, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Wanaouliza kama Paxlovid inafanya kazi hawajauliza swali kamili, kwa kuwa inafanya kazi kwa mzee asiyechanjwa aliyefika siku ya pili, na haimwongezei kijana mwenye nguvu aliyefika siku ya saba chochote cha maana.

Hapa kwetu kikwazo kikubwa ni dawa nyingine. Ritonaviri huzuia ini kuvunja dawa, na hiyo ndiyo kazi yake ndani ya Paxlovid, lakini hupandisha pia dawa kama simvastatini ya kolesteroli hadi viwango vya hatari. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake: hulichochea ini hadi Paxlovid inakosa nguvu, na athari hiyo hubaki kwa muda hata baada ya mgonjwa kuacha rifampisini. Kabamazepini ya kifafa ni vivyo hivyo. Mtu anayetumia dolutegraviri kwa VVU hana tatizo hapa, na anayetumia tayari dawa za VVU zenye ritonaviri aendelee nazo kama kawaida. Figo zikiwa dhaifu kiasi, kipimo cha nirmatreliviri hupunguzwa kwa nusu. Mwambie mgonjwa amwage mfuko wote wa dawa juu ya meza, pamoja na zile za dukani na za mitishamba. Ukimuuliza kwa mdomo tu, atakutajia mbili kati ya tano.

Hatua ya 5: Ondoa kwenye kabati zilizoshindwa

Hapa sina sababu ya kurefusha. Haidroksiklorokwini haikupunguza vifo katika RECOVERY, na azithromaisini haikupunguza pia. Nakiri kwamba mwaka 2020 niliandika azithromaisini kwa watu wengi, na nilichowapa ni kuharisha na mazoea ya antibiotiki. Aivamektini ilijaribiwa Brazili kwa watu 1,358, na waliolazwa au kukaa chini ya uangalizi wa dharura walikuwa asilimia 14.7 dhidi ya 16.3, tofauti isiyotosha kuitwa faida. Kama una mgonjwa anayeanza steroidi na anatoka sehemu yenye minyoo ya strongiloidi, aivamektini ina nafasi yake, lakini hapo unatibu minyoo.

Chai ya tangawizi na limau sijawahi kumkataza mtu. Kujifukiza kwa maji yanayochemka juu ya jiko, huku watoto wakicheza kando, ninakukataza kila mara kwa sababu ya majeraha ya moto.

Hatua ya 6: Rudi nyumbani kwa mgonjwa

Kinga pia ipimwe kwa jicho lile lile. Katika utafiti wa vijiji 600 vya Bangladesh, ambako watu hukutana sokoni na msikitini kama sisi tunavyokutana soko la Kibuye na kanisani, vijiji vilivyogawiwa barakoa za hospitali vilikuwa na maambukizi yenye dalili pungufu kwa asilimia 11, na kwa waliozidi miaka 60 upungufu ulifika asilimia 35, ingawa wavaaji walipanda kutoka asilimia 13 hadi 42 tu. Kwa hiyo nikiwa na barakoa chache, nampa mgonjwa moja na bibi anayeishi naye nyingine. Chanjo nazo zinakinga ugonjwa mkali kwa muda mrefu kuliko zinavyozuia maambukizi yenyewe, ndiyo maana wazee, wajawazito, wenye kisukari au VVU na wahudumu wa afya ndio wanaotangulizwa.

Familia huuliza kama kuna kidonge cha kumkinga aliyelala chumba kimoja na mgonjwa. Paxlovid ilijaribiwa kwa kazi hiyo na haikufaulu kwa uhakika. Ensitreliviri kutoka Japani ilifaulu, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2025: waliougua miongoni mwa jamaa wa nyumba moja walikuwa asilimia 2.9 kwa waliopewa dawa na asilimia 9.0 kwa waliopewa kidonge bandia, mradi waanze ndani ya saa 72 tangu mgonjwa wa kwanza aonyeshe dalili. Nyumba isiyo na kidonge hicho ina madirisha, kwa hiyo nawaambia wayafungue na mgonjwa alale upande ambao upepo unatoka chumbani kwenda nje.

Mwisho, usimruhusu mgonjwa aondoke bila tarehe mbili kwenye kadi yake: siku ya tano na siku ya kumi tangu dalili zianze. Huo ndio muda ambao mapafu huharibika ghafla kwa wale watakaozidiwa. Piga simu kila siku katika kipindi hicho, na usimuulize kama anajisikia vizuri, kwa sababu atakujibu kwamba hajambo. Mwombe ahesabu moja hadi ishirini kwa sauti bila kuvuta pumzi, nawe usikilize anakatika wapi.