Ukihamia Kigoma na familia: anzia kwa mwenyekiti wa mtaa

Sisi tulivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie, Kongo, mimi, mume wangu na watoto. Wakinifuata wageni wapya hapa Mwanga, mjini Kigoma, nawaambia hivi.

Vibali vya Uhamiaji kwanza, halafu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kabla hata hujapanga vyombo. Barua yake utaombwa kila mahali. Dalali wa nyumba atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na mwenye nyumba atataka miezi kadhaa mbele. Omba mkataba wa maandishi, hata kama ni ndugu wa shemeji yako. Hasa kama ni ndugu wa shemeji yako.

Shule ya msingi ya serikali haina ada, ila sare na madaftari ni juu yako.

Sasa riziki. Shuka mwalo wa Kibirizi alfajiri, boti zikirudi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Kwa hiyo nunua gizani, kausha, uza mbalamwezi. Anika kwenye vichanja, si mchangani: mteja wa Kigoma akisikia mchanga kwenye meno harudi tena. Msimu wa mvua punguza mzigo, dagaa wanaoza haraka.

Majirani wasalimie kwa Kiha asubuhi: "Mwakeye". Watacheka matamshi yako, kisha watakuonyesha duka la mawese lisilochakachua.